Shemeji na Dada Yake Kwenye Simu Moja

Shemeji yangu anapiga pasi. Ndiyo kazi yake tangu usichana, na ukimtazama mkono wa kulia utaona alama za moto zimepanda kutoka kifundoni hadi kiwikoni, kama ngazi. Duka lake la dobi lina mlango mwembamba. Mashati yananing'inia juu, naye yuko chini yake anaimba, anasengenya, anacheka. Watu wanamwita Mvuke. Ukipita njiani hutamwona kwa sababu ya mashati, lakini kumsikia utamsikia.

Ni mdogo wa marehemu mke wangu. Mke wangu alikuwa na maneno machache. Mvuke alichukua yote yaliyobaki. Kila Jumapili waligombana nyumbani kwangu, wakianzia kwenye sufuria na kuishia kwenye mambo ya utotoni. Sauti zao zilikuwa moja. Mimi nikiwa nje uani nilizitofautisha kwa mwendo tu: mke wangu alitembea, Mvuke alikimbia.

Mimi sikusoma. Herufi nilifundishwa na mke wangu kwenye meza ya jikoni, nikiwa tayari mtu mzima mwenye mvi. Kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, yaani kidogo. Namwandika Mvuke kwa sababu nyumba hii imekuwa kimya tangu msiba, na Jumamosi moja haikuwa kimya.

Nianze na pointi.

Mke wangu aliuza vitambaa. Alivifuata mbali, kwa ndege, na kila safari kampuni ya ndege ilimwandikia pointi, na zikifika nyingi unapata tiketi bure. Alizilinda kuliko pesa. Mimi nilidhani ni mchezo, kama vile watoto wanavyokusanya vizibo vya soda. Halafu akaugua. Siku moja akiwa kitandani akaniomba simu yake.

"Pointi hazirithiwi," akasema. "Nikiondoka, zinaondoka na mimi. Lakini tiketi ikishakatwa imekatwa."

Akamkatia Mvuke tiketi. Alihangaika na ile simu asubuhi nzima, miwani puani, anapumzika, anarudia. Alipomaliza akaniambia, "Huyo mjinga atapanda ndege." Akalala, ametabasamu.

Mvuke ana mtoto mmoja, binti, fundi umeme, anaishi nchi ya mbali. Sisi hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo huyo ni wetu pia. Mke wangu alikuwa mama mkubwa wake, na mimi ananiita baba mkubwa. Binti huyo alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe ni baharia, na meli haigeuzwi kwa sababu ya uchungu wa mtu. Madaktari wakampangia operesheni siku ya Alhamisi. Akampigia mama yake. Nilikuwepo, nikasikia.

"Mama, nikifumbua macho nataka nikuone wewe. Sitaki nesi. Naogopa."

"Utaniona mpaka unichoke," Mvuke akamjibu.

Tiketi ilikuwa ya Jumanne, kufika kwa binti Jumatano. Hesabu ilikaa sawa kabisa.

Mvuke hakuwahi kupanda ndege. Sasa mji mzima ukajua kwamba anapanda. Kila mteja aliyekuja kuchukua suruali aliondoka na suruali na habari. Alikuja kwangu kufanya mazoezi. Alikaa kwenye kiti changu, akajifunga na mkanda wangu wa suruali, akaniambia nipite na sinia nimuulize kama anataka juisi au maji.

"Juisi au maji?" nikauliza.

"Uliza vizuri! Wale wanatabasamu."

Nikatabasamu. Akasema bora nisitabasamu.

Basi ikaja hiyo Jumamosi. Nilikuwa namenya viazi. Mlango ukafunguka bila hodi, Mvuke huyu hapa, kashika kitu kwa vidole viwili kama anayeshika panya kwa mkia.

"Shemeji, usinigombeze."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo nasema usiseme."

Kilikuwa kipande cha karatasi. Cheusi. Cheusi chote, mbele na pembeni, kama kimechovywa kwenye wino.

"Nini hiki?"

"Tiketi."

Duka la tiketi lilikuwa limemchapishia kwenye karatasi ile ya risiti, ya kung'aa. Mvuke akaitia kifuani, akazunguka nayo wiki nzima akiwaonyesha watu, ikajikunja ikawa kama sikio la mbuzi. Asubuhi hiyo akaona haya kwenda nayo uwanja wa ndege ikiwa na mikunjo. Yeye, mpiga pasi! Watamwonaje? Akaitandika juu ya meza, akaipitishia pasi. Karatasi ile haipendi moto. Ikageuka usiku mbele ya macho yake.

"Nilipitisha mara moja tu," akasema. "Tena pasi ya vuguvugu."

Nilitaka kuwa mkali. Nikaangalia ile karatasi. Pembeni ilikuwa imenyooka, haina kunyanzi hata moja. Nikacheka mpaka kisu kikanidondoka. Tangu msiba sikuwa nimecheka namna ile. Naye akacheka, halafu akaacha.

"Sasa naendaje?"

Nikamwambia tiketi haikai kwenye karatasi, inakaa kwenye simu ya dada yake. Karatasi ni kivuli tu.

Simu ya mke wangu ipo juu ya kabati. Naichaji kila siku. Sina sababu ya kuichaji, lakini naichaji. Sikuwa nimeifungua tangu msiba. Nikaishusha, nikafungua. Kulikuwa na ujumbe wa kampuni ya ndege, umekaa hapo siku nyingi, hakuna aliyeusoma. Nikausoma kwa kidole.

Mpendwa mteja. Ratiba yetu imebadilika. Ndege ya Jumanne haitakuwepo. Utasafiri Ijumaa. Chini kulikuwa na kitufe cha kijani kimeandikwa Kubali, na pembeni yake namba ya simu.

Mvuke akakaa chini, sakafuni, kwenye maganda ya viazi.

"Ijumaa," akasema. "Alhamisi mwanangu anapasuliwa."

Nikausoma tena ule ujumbe.

Mara akainuka. "Bonyeza kubali, shemeji."

"Nikubali nini?"

"Tuwakubalie kwanza. Wakiona tuna adabu watatusikiliza. Huwezi kuanza na watu kwa kuwakatalia, tena wamesema mpendwa."

Kidole chake kilikuwa njiani. Nikaivuta simu. Mke wangu hakukubali bei ya kwanza maisha yake yote, na simu ile ilikuwa yake.

"Tupige," nikasema.

Tukapiga, sauti ikiwa wazi, simu katikati ya meza. Ukapigwa muziki mrefu. Mvuke akaucheza kidogo mabega, hofu na yote. Halafu akatoka binti wa huduma kwa wateja, sauti safi, na nyuma yake watu wengi wanaongea kama sokoni.

"Habari yako, mama. Naongea na mwenye akaunti?"

Mvuke akanitazama. Mimi nikamtazama. Mwenye akaunti alikuwa makaburini. Nikafungua mdomo niseme.

"Ndiye mimi," akasema mke wangu.

Nilishika meza. Alikuwa Mvuke, amekaza shingo, amefumba macho, anaongea polepole. Lakini sauti ilikuwa ile ile. Hata ule mkwaruzo wa mwisho wa sentensi ulikuwemo.

"Sawa, mama. Kwa usalama nina swali ulilojiwekea mwenyewe." Binti akasita, nikasikia anazuia kicheko. "Kitu gani mume wako hakipati hata kikiwa mbele ya pua yake?"

Mvuke akanikodolea macho. Akaanza kunionyesha vitu kwa kidole: miwani? kofia? Nikatikisa kichwa. Nikajua. Nilisikia masikioni, kama jana, kila siku wakati wa chakula.

"Chumvi," nikanong'ona.

"Chumvi," akasema mke wangu. "Na hadi leo."

"Asante, mama. Ni sahihi."

Kwa hiyo hata kampuni ya ndege walikuwa wanajua.

Mvuke akaeleza. Ndege ya Jumanne, mtoto, operesheni, Alhamisi. Alieleza kwa mwendo wa dada yake, bila haraka, na mimi nikakaa na viazi vyangu nikisikiliza. Sikutaka amalize.

"Naelewa, mama," akasema binti. "Naona tiketi ni ya pointi. Na viti vya pointi tunatenga vichache kwa kila ndege. Kabla ya Ijumaa vimekwisha vyote. Sasa kwa kuwa ratiba tumebadilisha sisi, naweza kufuta safari na kukurudishia pointi zako zote. Sikati hata moja."

Mvuke husikia neno bure akiwa usingizini. Uso ukamng'aa.

"Zote? Bila makato? Mwanangu, Mungu akuzidishie, basi ni—"

"Zirudi kwa nani?" nikasema kwa nguvu.

Mvuke akageuka akanitazama.

"Nani huyo?" binti akauliza.

"Ni wa chumvi," Mvuke akajibu. Lakini alikuwa ameshanielewa. Pointi zikirudi, zinarudi kwenye akaunti ya marehemu, na zikiingia huko ndiyo kwaheri. Tiketi haitakuwepo, wala pointi, wala safari.

"Sitaki pointi," akasema mke wangu kwa ukali. "Nataka mdogo wangu afike kabla ya Alhamisi."

"Basi ngoja nitafute. Mdogo wako ndiye abiria, siyo? Yupo hapo? Nitahitaji nimsikie na yeye."

Mvuke akafunika simu kwa kiganja. Macho yalimtoka pima.

"Shemeji, anataka kuongea na mimi!"

"Si uongee."

"Mimi niko bize, mimi ni dada!"

Akafikiri. Halafu akahama kiti. Nasema kweli, alinyanyuka kutoka kiti cha dirishani, ambacho ndicho alichokalia mke wangu kila siku, akazunguka meza, akakaa kiti cha upande wa pili. Akarekebisha kitambaa kichwani. Akafungua kiganja.

"Haloo! Habari za kazi? Mimi ndiye abiria mwenyewe, ndiye mama mtoto, bibi mtarajiwa!" Mbio, kama kawaida yake.

"Habari, mama. Hongera. Una tiketi yako hapo unisomee namba?"

Mvuke akaangalia ile karatasi nyeusi.

"Ninayo. Ila imeiva kidogo."

"Imefanyaje?"

Hapo mwenzangu akasahau kabisa kwamba ni uongo. Akarukia kiti cha dirishani.

"Ameipiga pasi," akasema mke wangu. "Muulize. Muulize mtu mzima anapigaje pasi tiketi."

Akarudi kiti cha pili. "Na wewe hukuniambia kwamba inaungua!"

Dirishani. "Nikwambie? Kuna mtu anaambiwa hilo?"

Upande wa pili. "Wewe ndivyo ulivyo tangu zamani. Unanipa kitu, halafu unanisimanga!"

"Nikusimange mara ngapi? Gauni la kijani liko wapi?"

"Gauni la kijani lilikuwa langu!"

"Lilikuwa langu, na mama alijua!"

Akawa anazunguka meza, jasho linamtoka, kitambaa kimekwenda upande, viti vinakwaruza sakafu. Upande wa pili wa simu binti alikuwa amezidiwa. Nilimsikia akisema "samahani" huku anacheka, na mtu wa karibu naye akimuuliza kuna nini. Mimi mbavu sikuwa nazo. Nilijifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Ilikuwa Jumapili, siku ya Jumamosi. Walikuwa wawili jikoni kwangu, wanagombana.

Halafu binti akatulia. Akauliza taratibu, bila ukali.

"Mama. Naomba niulize kitu. Mimi nina dada. Tukigombana tunaingiliana, hatusikilizani. Nyinyi mbona kila mmoja anamsubiri mwenzake amalize?"

Mvuke alikuwa katikati ya viti viwili, ameinama. Akabaki hivyo hivyo. Akaniangalia, na uso wake ukawa wa mtoto aliyevunja kikombe.

Nikaivuta simu upande wangu.

"Mke wangu amefariki," nikasema. "Tiketi aliikata mwenyewe akiwa mgonjwa. Huyu ni mdogo wake. Ni mmoja. Hakuna mwingine."

Nikajua tumekwisha. Nikamwona binti yetu kule, amefumbua macho, na nesi.

"Poleni sana," akasema yule binti. Akavuta pumzi. "Sasa nisikilizeni. Mwenye akaunti nilikuwa namhitaji nikirudisha pointi, kwa sababu pointi ni zake. Lakini nyinyi hamtaki pointi. Tiketi ikishatoka, ni ya abiria. Na ratiba tukiibadilisha sisi wenyewe, anayechagua siku nyingine ni abiria. Huyo mama mmoja alikuwa anatosha tangu mwanzo."

Mvuke akanyooka mgongo. "Yaani nimezunguka hii meza bure?"

"Bure kabisa, mama."

"Na magoti yangu haya!"

"Mmebonyeza Kubali kwenye ule ujumbe?"

"Hatujabonyeza," nikasema.

"Vizuri. Mngekubali Ijumaa, kuhama hapo kungekuwa ombi lenu, na mngesubiri kiti cha pointi kama watu wote. Mkiikataa, kosa ni letu, na naruhusiwa kutoa kiti cha kawaida, siku za karibu na ile ya mwanzo, pale pale alipokuwa anakwenda. Nipeni muda."

Mvuke akanitazama, akaangalia kidole chake, akakificha kwenye sketi.

Muziki ukarudi. Safari hii hakucheza. Alikaa kwenye kiti chake, si kile cha dirishani, mikono mapajani. Nikachukua kisu nikamenya kiazi. Nilimenya kile kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

"Mama?"

"Nipo!"

"Jumanne na Jumatano hakuna kitu. Nina Jumatatu jioni. Lakini utabadilisha ndege njiani, na utakesha uwanjani kwenye viti. Utafika Jumatano mapema. Utaweza?"

"Mwanangu, mimi nimesimama kwenye pasi tangu sijaota matiti. Leo unaniuliza kama nitaweza kukaa?"

"Basi nakuweka Jumatatu. Unaikataa ratiba ya Ijumaa?"

"Naikataa mimi na ukoo wangu wote."

"Ukikubali Jumatatu, nitatuma."

"Nakubali! Tuma! Tuma kabla hawajabadilisha tena!"

Simu ikalia kidogo mezani. Nikasoma kwa kidole: jina lake, Jumatatu. Nikamwonyesha. Akapiga yowe mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi.

Kabla ya kukata, binti akasema, "Naomba niulize la mwisho. Ile sauti ya dada. Ndivyo alivyokuwa anaongea?"

Nikakitazama kiti cha dirishani.

"Ndivyo," nikasema.

"Nilimpunguzia ukali," akasema Mvuke.

Jumatatu nilimsindikiza. Alivaa viatu vya kubana kwa sababu ndivyo vizuri zaidi. Pale kwenye mlango ambao wasindikizaji hawauvuki, akawasalimia walinzi wote mmoja mmoja, akamwambia wa mashine kwamba kola yake imepigwa pasi na mtu mvivu. Akaniambia nile. Akaniambia nisiache madirisha wazi. Akaingia, akatoka, akaniambia tena nile. Abiria wa nyuma yake wakaguna. Nikarudi nyumbani.

Jumanne akanipigia kutoka kwenye uwanja wa njiani, ambako alikuwa amekesha na amepata marafiki: bibi mmoja asiyejua lugha yake na mfagiaji mmoja anayeijua. Walikuwa wanakula mkate wake. Jumatano akanipigia kusema amefika, amemkuta mtoto wake na tumbo kama nyumba. Nyuma nikamsikia binti yetu akisema, "Baba mkubwa, amekuja, ameshaanza kunipangia kabati!"

Alhamisi nilikaa na simu tangu asubuhi. Sikupika. Sikutoka. Mchana ukapita. Nilifagia nyumba iliyokwisha kufagiliwa.

Ikalia.

"Shemeji!" Alikuwa anapiga kelele, na mtu alimwambia hapa ni hospitali. "Shemeji, wa kike! Mzima! Nimesimama pale pale mlangoni mpaka wakanisukuma na kitanda!"

"Na mama yake?"

"Amefumbua macho, akaniona, akasema nina jasho. Sasa hivi anaomba chakula."

"Amefanana na nani huyo mtoto?"

Akafikiri. Mvuke, kufikiri! Nikasikia viatu vya watu vinapita kwenye korido, na kitoto kinalia kwa hasira.

"Bado hajafanana na mtu," akasema. "Amefanana na mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Msikilize. Msikilize anavyotugombeza."

Akasogeza simu. Nikasikiliza. Kililia kwa muda mrefu, hakikutaka ushauri.

"Shemeji? Mbona kimya? Unacheka au unalia?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.